Pompi yenye akili ifike na funguo yake



Kuna jambo tuliloliona katika bonde la Ruzizi, na tungependa mulisome kabla hamujatia sahihi kwenye karatasi ya mashini yoyote mpya.

Ilikuwa mwezi wa saba, kati ya kiangazi. Koperative moja ya wamama wanaolima tomati ilikuwa imepewa pompi ya jua, ya kisasa, ile wanaita pompi yenye akili. Pano za jua zilikuwa zimesimama vizuri, tanki ya lita 10,000 iko juu ya nguzo za chuma, na mipira myembamba ya kutoa maji matone kwa matone imelazwa katika viwanja 30, kila kiwanja mita 10 kwa mita 10. Ndani ya udongo kulikuwa kapteri, ndiyo kusema kidude cha kupima unyevu. Kisanduku chenye programu kilikuwa kinasoma hiyo kapteri na kufungua au kufunga vane za maji chenyewe, bila mtu. Habari zote zilikuwa zinatumwa kwa rezo ya simu mpaka ofisini, mjini.

Asubuhi tulipofika, tukakutana na wamama wanapanda kutoka mtoni na bidoni kichwani. Walikuwa wanapita chini ya tanki. Tanki ilikuwa imejaa mpaka juu. Tomati zilikuwa katika maua, na maua yalikuwa yanaanguka chini, makavu.

Tukauliza: "Mama, sababu gani munabeba maji na tanki imejaa?"

Mama prezida akashusha bidoni yake. Akajibu: "Mwanangu, mashini inasema udongo uko na maji. Leo ni siku ya tisa inasema vile. Mimi nimeshika udongo na mkono wangu, unakuwa vumbi. Lakini fundi alisema tusiguse kitu. Kisanduku kiko na kofuli, funguo iko Bukavu. Sasa wewe uliyesoma, utuambie: kati yangu na mashini, nani anasema uongo?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Tena tuseme ukweli wote: mahali ile kapteri ilifukiwa, ni sisi maagronome tuliomwonyesha fundi.

Mashini yenye akili ni kitu gani

Tusiogope maneno makubwa. Wengi wetu tumeshaona boya ndani ya tanki ya maji. Maji yakipanda, boya linapanda nayo na kufunga robine. Maji yakishuka, boya linashuka na robine inafunguka. Hakuna mtu anayesimama pale kuangalia. Boya ni jicho na ni mkono kwa wakati mmoja.

Mashini wanazoita za akili zinafuata njia hiyohiyo, ila kazi imegawanywa. Kuna jicho, ndiyo kapteri: inapima unyevu, joto, uzito, au inapiga picha. Kuna kichwa, ndiyo programu: inalinganisha kile jicho limeona na kile iliambiwa, kisha inaamua. Kuna mkono, ndiyo pompi, vane au mota: unafanya kile kichwa kimeamua. Baada ya mkono kufanya kazi, jicho linaangalia tena, na mambo yanazunguka vile usiku na mchana.

Wauzaji wakituonyesha mashini, wanatuchorea hivyo vitu vitatu kwenye karatasi. Cha nne hawakichori. Cha nne ni mtu: mama anayeona majani yanalegea, kijana anayesafisha pano, mwekahazina anayelipa yuniti za simu, fundi anayekaa mbali. Huyo mtu anafikiriwa kama mgeni wa mashini, kumbe ni kiungo chake kama vile vane ni kiungo chake. Ukimsahau wakati wa kuchora, utamkumbuka wakati wa hasara.

Kila kitu kilifanya kazi yake

Turudi bondeni. Siku ile tulizunguka bustani nzima tukitafuta kilichoharibika. Pano zilikuwa nzima. Pompi ilikuwa nzima. Boya la tanki lilikuwa linafunga na kufungua sawasawa, ndiyo sababu tanki ilikuwa imejaa. Programu ilikuwa inafuata amri: unyevu ukiwa juu ya kipimo, usifungue vane. Hata kapteri ilikuwa nzima.

Shida ilikuwa mahali. Katika mpango wa kwanza kulikuwa kapteri tatu. Pesa ikapunguzwa, ikabaki moja kwa viwanja vyote 30. Hiyo moja ilifukiwa karibu na tanki ili waya usiwe mrefu, na sisi tukasema sawa. Hapo karibu, chini ya udongo, kiungo cha bomba kubwa kilikuwa kinavuja kidogo kidogo, kabla maji hayajafika kwenye vane. Juu ya ardhi huoni kitu. Chini, kapteri ilikuwa imelala ndani ya tope.

Kapteri ya aina ile inapima namna udongo unavyoshika umeme. Maji yanaushika sana: katika kipimo ambacho udongo mkavu unapata 3 mpaka 5, maji yanapata karibu 80. Kwa hiyo kipimo kikipanda, programu inaelewa kwamba maji yapo. Lakini kapteri inajua tu ule udongo unaoigusa, upana wa kiganja hivi. Hatua tano mbele haijui kitu. Kwa hiyo kapteri haikusema uongo. Ilisema ukweli wa mahali pake, na programu ikachukua ukweli wa kiganja kimoja ikaufanya ukweli wa shamba zima.

Tukapiga simu ofisini. Mtu wa ofisi akafungua kiyo cha ordinateri, akatujibu kwa roho safi: "Hapa kwangu yote ni kijani. Hakuna shida." Tukamtafuta fundi. Barabara haikupitika wiki ile kwa ajili ya usalama, na yeye alikuwa upande wa pili. Kijana mmoja wa pale alitaka kukata bomba na panga ili maji yatoke. Mama prezida akamkataza, sababu kontra ilikuwa imeandika: atakayeharibu kitu atakilipa.

Jioni, komite ikakaa. Wakaandika karatasi, mashahidi wakatia sahihi, na sisi tukatia yetu. Kisha tukavunja kofuli na nyundo. Ndani ya kisanduku, chini ya waya, tukakuta buto iliyoandikwa kwa Kifaransa, upande mmoja otomatiki, upande mwingine kwa mkono. Ilikuwa pale tangu siku ya kwanza. Tukaigeuza. Haikupita dakika tano, matone yakaanza kutoka kwenye mipira.

Mavuno ya kwanza yalipungua karibu nusu, kwa hesabu ya daftari ya koperative yenyewe. Wamama wengi walikuwa wamekopa ndani ya AVEC kwa kununua mbegu na dawa, na mwezi wa tisa watoto wanarudi masomoni. Ile deni haikulipwa na mashini. Haikulipwa na ofisi pia. Na sisi tuliondoka pale na mshahara wetu wa mwezi ukiwa kamili. Tunaliandika hili sababu ni kweli, na sababu ndilo linatupa haki ndogo ya kuwashauri.

Siyo mambo ya kijijini tu

Mtu asifikiri kwamba haya yanatokea juu ya wakulima kutosoma. Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air ilianguka baharini karibu na Indonesia. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inatoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka pia. Zote mbili zilikuwa za aina ya Boeing 737 MAX. Watu 346 walikufa.

Ndani ya ndege hizo kulikuwa programu iliyoweza kusukuma pua ya ndege kwenda chini, bila rubani kuomba. Ndege ilikuwa na kapteri mbili za kupima jinsi pua imeinuka, lakini ile programu ilisikiliza moja tu. Kapteri hiyo ilipotoa kipimo kibaya, programu ikaamini pua imepanda sana, ikaishusha. Marubani wakaivuta juu, programu ikaishusha tena. Na kabla ya ajali ya kwanza, kitabu cha marubani hakikuwa kimewaelezea programu hiyo.

Angalieni vizuri muone kama hamutambui kitu. Kapteri moja. Programu inayoiamini peke yake. Mtu aliye na macho yake na mikono yake, lakini hakuelezwa. Ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani kote, na zilipotengenezwa, programu iliwekwa isikilize kapteri zote mbili, isirudie kusukuma mara kwa mara, na isiweze kumshinda rubani. Mambo ambayo wainjinia wa ndege walijifunza kwa vifo vya watu 346, sisi tunaweza kuyadai kwa pompi ya tomati mbele ya hasara.

Hatusemi mukatae mashini

Kuna watakaosoma mpaka hapa waseme: basi turudi kwa bidoni. Hapana. Fanyeni hesabu pamoja na sisi. Katika kiangazi, shamba la mboga linaweza kupoteza maji milimita 5 kwa siku, na milimita 5 ni lita 5 kwa kila mita moja ya mraba. Kiwanja cha mita 10 kwa 10 kinaomba lita 500. Bidoni ya lita 20 zinakuwa 25, kwa kiwanja kimoja, kwa siku moja. Viwanja 30 ni bidoni 750. Siku zile tisa, hakuna mama aliyeweza kumaliza kiwanja chake. Walichagua mistari ya kuokoa na mistari ya kuacha ife. Mwenye kusifia bidoni, mara nyingi si yeye anayeibeba.

Tuchukue pia mfano wa Nuru, programu ya simu iliyotengenezwa na chuo kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na watafiti wa IITA na FAO. Unaelekeza simu kwenye jani la muhogo, inakuambia kama inaona mozaiki, mistari ya kahawia au kitu kingine. Inaweza kufanya kazi hata pasipo rezo. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa jani moja ilipata ukweli karibu mara 65 katika 100, na kwa majani sita ilipanda mpaka kati ya 74 na 88. Katika utafiti huohuo, ilipita mabwana shamba na wakulima kwa kutambua alama za ugonjwa. Sisi maagronome tumesoma hiyo hesabu na tumeimeza, ingawa ni chungu.

Lakini angalieni namna imepangwa. Haing'oi muhogo. Inamwambia mkulima kile imeona, mkulima anachukua jani lingine, anaangalia shina, anamwita jirani, kisha yeye ndiye anaamua. Ikikosea, iko mtu kati ya kosa lake na shamba. Pompi yetu ya Ruzizi haikuwa na mtu huyo. Walimweka nje ya kofuli.

Tunajua mtakalojibiwa

Mukiomba funguo, mutaambiwa: "Mukipewa, mutaharibu." Au: "Kila mtu atafungua maji ya kwake usiku." Hatusemi hofu hizo ni za bure. Tumeona pompi zilizobomolewa, tumeona pia mtu akifungua maji saa sita ya usiku kwa shamba la shemeji yake.

Lakini ugomvi wa zamu ya maji ni wa zamani kuliko pompi, na wakulima wanajua namna ya kuumaliza. Elinor Ostrom, mama Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza na wenzake mifereji ya kumwagilia ya Nepal. Kulikuwa mifereji ya serikali, yenye vizuizi vya simiti na vyuma vilivyotengenezwa na wainjinia. Kulikuwa na mingine ya wakulima wenyewe, imezibwa kwa mawe, udongo na matawi. Kwa jumla, ile ya wakulima ilifanya kazi vizuri zaidi, hata maji yalifikia zaidi wale walio mwisho wa mfereji. Sababu, wenyewe waliotumia maji walikuwa wamepanga sheria, wanaangaliana, na kila mwaka wanatoka pamoja kutengeneza. Simiti iliwaondolea watu sababu ya kukaa pamoja. Kofuli yetu ilifanya vilevile.

Tena kuna sheria. Sheria ya OHADA juu ya koperative, inayofanya kazi katika nchi yetu tangu 2012, inaweka uongozi wa koperative mikononi mwa wanamemba, kila mmoja na sauti yake moja. Sasa tuulizane: kipimo kinachoamua kiwanja gani kinywe leo na kipi kingojee kesho, nani alikipigia kura? Kama kiliwekwa na kijana mmoja mbele ya ordinateri mjini, basi yeye amegawa maji ya koperative bila kuwa mwanamemba. Hakufanya kwa ubaya. Hakuna aliyemwambia kwamba namba anayoandika ni zamu ya maji.

Na upande wetu, tuungame. Maagronome na watu wa miradi tunapenda kiyo cha kijani. Kinarahisisha raporo. Ni rahisi kutuma picha ya kiyo kwa wafadhili kuliko kuandika kwamba mama mmoja ameshika udongo akasema hapana. Tulianza kuamini kiyo kwa sababu kinatusaidia sisi, na tukasahau kuuliza kama kinasaidia tomati.

Maulizo matano mbele ya kutia sahihi

Kwa hiyo tunawashauri hivi. Mashini yoyote yenye kujiamulia ikija kwenu, iwe ni pompi, mashini ya kukausha kahawa, au mizani inayotuma hesabu kwa simu, muulize maulizo haya matano mbele ya mkutano mkuu. Majibu yaandikwe ndani ya kontra.

Ya kwanza: funguo inabaki kwa nani, na buto ya mkono iko wapi? Funguo ziwe mbili kijijini, kwa watu wawili tofauti. Siku ya kuzindua, pasikatwe utepe mpaka wanamemba wasiopungua watatu wamezima otomatiki na kuendesha kwa mkono, mbele ya watu wote. Kila anayegeuza aandike katika daftari: tarehe, saa, sababu.

Ya pili: kapteri ni ngapi, na ziko wapi? Moja haitoshi. Kwa udongo, moja iwe mahali pa juu, moja pa chini, moja katikati, mbali na bomba na njia ya maji. Udongo wa mfinyanzi na udongo wa mchanga havina kipimo kimoja, na chumvi ndani ya udongo inachanganya kapteri, basi fundi apime kwenu, asilete namba za mahali pengine. Na kila wiki, mwanamemba mmoja achimbe kwa kina cha sentimita 20, achukue udongo, aufinye. Ukishikana na kuacha alama ya maji mkononi, maji yapo. Ukivunjika na kuwa vumbi, hayapo. Aandike pembeni ya namba ya mashini. Vikipingana siku mbili, mkono ndio unafuatwa mpaka fundi aje.

Ya tatu: rezo ikikatika, au kapteri ikifa, mashini inafanya nini? Hili ndilo wauzaji wengi hawajajiandaa kulijibu. Kwa bustani, jibu zuri ni kwamba inarudi kwa saa: inafungua maji muda fulani asubuhi, inafunga, mpaka mtu aje. Mashini ya kukausha, yenyewe, ni afadhali izime moto. Kila kazi iko na upande wake wa usalama, na ninyi wenye kazi ndio munaujua.

Ya nne: mashini inaongea na nani, kwa lugha gani? Kama mesaji zinaenda mjini tu, ninyi ni wasafirishaji wa bidoni wa mashini. Mesaji zifike kwenye simu mbili za wanamemba, kwa Kiswahili. Na kwa wale wasiosoma, kuwe na taa: kijani, vane iko wazi, nyekundu, vane imefungwa. Kama siku ile taa nyekundu ingekuwa inawaka nje ya kisanduku siku tatu mfululizo, hakuna mama angengoja siku ya tisa. Maandishi ya kwenye buto yawe pia ya lugha ya mahali.

Ya tano: mradi ukiisha, nani analipa yuniti, nani ana vipande vya kubadilisha, nani anajua kutengeneza? Mradi unadumu miaka miwili au mitatu; pano za jua zinaweza kudumu zaidi ya miaka 20. Miaka inayobaki ni yenu. Vijana wawili wa koperative, na mmoja awe msichana, wafundishwe na wafanye kazi pamoja na fundi tangu siku ya kuchimba shimo la kwanza. Na walipwe kitu, hata kidogo, kutoka katika michango. Tumeona vijana wengi wakifundishwa bure, wakangoja, kisha wakaenda mjini na ile elimu. Kazi ya kuangalia mashini ni kazi.

Kama muuzaji au mradi hauna majibu ya haya matano, hamulazimiki kukataa. Semeni tu: rudini wakati muko na majibu. Kiangazi kimoja cha kungoja kinauma, lakini kiangazi cha tanki iliyojaa na maua yaliyokauka kinauma zaidi.

Daftari la mama prezida

Ile koperative ya Ruzizi bado inalima. Bomba lililovuja lilitengenezwa, kapteri ikahamishwa, mbili zikaongezwa. Haikuwa rahisi kupata pesa yake, tuliandika barua nne. Kofuli ni mpya. Funguo moja iko kwa mama prezida, nyingine kwa mwekahazina. Siku nyingi mashini inafanya kazi peke yake na hakuna anayeigusa, na ndivyo inafaa. Wamama wanapata saa za kupanga tomati katika vitunga na kuwahi soko.

Mwezi uliopita tulipita pale, tukaomba kuona daftari. Katika kurasa nyingi mkono na mashini vinasema kitu kimoja. Lakini katikati ya mwezi wa sita kuna mstari mmoja, umeandikwa na kalamu nyekundu: "Mashini inasema maji iko. Mkono inasema hapana. Tumefungua saa moja. Fundi aitwe."

Fundi aliitwa. Akakuta waya wa kapteri moja umekatwa na jembe. Tomati hazikujua kitu.